Jinsi ya kuchagua monita ya kazi za grafiki isiyokudanganya rangi

Kabla ya hatua yoyote niwape kwanza kilichonifundisha. Mwaka 2017 nilipata kazi ya vipeperushi 500 vya saluni moja hapa Dar, picha za wadada wamesukwa wakasukika, bakigraundi ya kahawia iliyokolea, na kwenye laptopu yangu vilikuwa vinang'aa mpaka mwenye saluni alivyoviona akasema hapo hapo kachape. Vilivyorudi vilikuwa giza. Misuko yote imekuwa doa moja jeusi, nyuso zimezama, kahawia imekuwa kama masizi. Nikaenda kwa wachapaji nimefura, nina uhakika wamechakachua wino. Mzee mmoja wa mitambo pale wala hakubishana na mimi, akachukua kipeperushi kimoja akakisimamisha pembeni ya kioo cha laptopu yangu akasema, "Mwanangu, hiki kioo chako ni taa. Karatasi haina taa ndani." Nikatazama, nikanyamaza. Hela ya kuchapa upya ilitoka mfukoni kwangu.

Toka siku hio nikianza kutafuta monita naangalia jambo moja kwanza, je itanionyesha kitakachotoka, hata kama kitakachotoka ni kibaya, ili nikirekebishe kabla sijalipia karatasi. Mengine yote yanafuata nyuma ya hilo.

Hatua ya 1: jiulize kazi yako inaishia wapi

Kama unapiga posti za Instagram, logo, mabango ya mtandaoni na tovuti, kazi yako inaishia kwenye simu za watu, na simu na kompyuta nyingi zinaongea lugha ya rangi inayoitwa sRGB, ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na mpaka leo ndo lugha ya kawaida ya intaneti. Unahitaji monita inayofikisha sRGB yote, basi. Kama unachapa vitabu, albamu za harusi, kalenda, vifungashio vya bidhaa, hapo kuna rangi za wino ambazo sRGB haizifikii, mfano ule wino wa sayani (ile bluu ya wino wa kuchapia) ukiwa asilimia 100 peke yake, monita ya sRGB inakuonyesha kitu kilichopoa kidogo kuliko kinachotoka kwenye karatasi. Kwa ajili hio kuna lugha ya rangi pana zaidi inaitwa Adobe RGB, ilitoka 1998, imepanuliwa hasa upande wa kijani na sayani. Na kama wewe ni wa video utasikia P3, hio ni ya watu wa sinema na vifaa vya Apple.

Ushauri wangu kwa asilimia kubwa ya madizaina ninaowajua, ambao leo anapiga fleksi kesho kadi ya mwaliko keshokutwa posti ya duka la vitenge: chukua monita ya sRGB kamili yenye rangi sahihi kuliko Adobe RGB ya bei ya kuungaunga. Monita ya rangi pana isipowekwa sawa inakufanya uone kila kitu kimekolea chumvi, nyekundu inakuwa ya kuunguza, we unaipunguza, mteja akifungua kwenye simu yake anaona picha imepauka.

Hatua ya 2: paneli iwe IPS

Hapa sitaki mjadala mrefu. Paneli ni kioo chenyewe cha monita, na kuna aina za TN, VA na IPS. TN ndo zile ukisimama rangi zinabadilika, ukikaa zinabadilika, ukiinamisha kichwa nyeusi inageuka kijivu, hio achana nayo hata ukipewa bure kwa kazi hii. VA ina nyeusi nzuri sana, nzito, ila ukiitazama kwa pembeni sehemu za giza zinabadilika, na wewe unayefanya picha za watu weusi wamevaa suti nyeusi unazihitaji sana izo sehemu za giza. IPS ndo inayotulia. Zile monita zilizopinda za gemu zenye 144Hz au 165Hz (Hz ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde) nyingi ni VA, halafu kioo kilichopinda kinakusumbua unapotaka kujua kama mstari umenyooka kweli. OLED, vile vioo ambavyo kila pikseli inajiwashia mwanga wake, rangi zake ni nzuri sana, tatizo programu zetu zina menyu zilizoganda sehemu moja siku nzima na kitu kikiganda muda mrefu kwenye OLED kinaweza kuacha alama ya kudumu, kwa hio mimi bado sijashawishika.

Hatua ya 3: soma namba za rangi kwenye karatasi ya sifa

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Boksi limeandikwa "rangi milioni 16.7" kwa herufi kubwa, ukaona ni nyingi, kumbe hio ni hesabu tu ya biti 8, yani ngazi 256 za nyekundu mara 256 za kijani mara 256 za bluu, haikwambii nyekundu yenyewe inafika wapi. Ni sawa na kuambiwa ngazi ina vipandio vingi bila kuambiwa ina urefu gani. Unachotafuta ni asilimia ya sRGB, na iwe 99 au 100.

Wakati mwingine hawaandiki sRGB wanaandika NTSC, kipimo cha rangi cha zamani cha tivii, na ujue namba izi mbili hazilingani. NTSC asilimia 72 kwa ukubwa ni karibu sawa na sRGB kamili, hio iko vizuri. NTSC asilimia 45 ni kama sRGB asilimia 60 na kitu, na hio ndo iliyojaa kwenye laptopu za bei ya chini, ndo maana nyekundu ya laptopu yako inafanana na tofali. Ukiona 45% NTSC wala usiulize bei.

Namba nyingine ni Delta E, hii inapima monita imekosea rangi kwa kiasi gani, na ndogo ndo nzuri. Chini ya 2 ni salama kwa kazi ya kulipwa. Monita zilizopimwa kiwandani zinakuja na karatasi ndani ya boksi inayoonyesha vipimo vya hio hio monita yako.

Biti 10 inasaidia, ngazi zinakuwa 1,024 badala ya 256, na utaiona faida kwenye mipito ya rangi, kama anga la bluu linalofifia ambalo kwenye kioo kibaya linakatika mistari mistari. Ila kwa mtu anayeanza biti 8 za kweli zinatosha kabisa.

Hatua ya 4: saizi, na chukua rula

Fanya hivi, weka karatasi mbili za A4 mezani pembeni kwa pembeni, umepata upana wa sentimita 42 na urefu wa karibu 30, yani kurasa mbili za kitabu kikiwa wazi. Monita ya inchi 24 ya kawaida, ile ya 1920 kwa 1080, kioo chake kina urefu wa kama sentimita 29.9, kwa hio A4 inaingia kwa saizi yake halisi alafu hakuna hata nafasi ya menyu. Monita ya inchi 24.1 yenye 1920 kwa 1200 imeongezeka urefu, ni kama sentimita 32.4, kurasa zako mbili zinakaa kwa saizi halisi na menyu inapata pa kukaa. Ndo maana watu wa majarida na vitabu wamezing'ang'ania izi 1200 miaka yote, na mimi pia.

Ukipanda inchi 27 hakikisha ni 2560 kwa 1440, inakupa pikseli kama 109 kwa kila inchi, maandishi yanakuwa safi. Inchi 27 yenye 1080 ni pikseli kama 82 tu kwa inchi, herufi ndogo zinameguka na huwezi kujua kama kingo za logo yako ni mbovu au ni kioo. 4K (3840 kwa 2160) kwenye inchi 27 inafika kama 163, ni raha ya macho kweli, ila itabidi ukuze maandishi kwenye Windows na matoleo ya zamani ya CorelDRAW hapo vitufe vyake vinakuwa vidogo vya kutafuta kwa sindano. Kama hela inatosha kimoja tu kati ya 4K na rangi sahihi, chukua rangi sahihi.

Hatua ya 5: jina la kuulizia dukani

Mpya za bei ya kati, ASUS ProArt PA248QV ni inchi 24.1, ni ile ile 1920 kwa 1200, sRGB kamili, imepimwa kiwandani, kwa mtu wa Dar anayeanza sioni kosa lake. Ndugu yake PA278QV ni inchi 27 ya 1440. BenQ wana familia ya PD kwa madizaina na SW kwa wapiga picha. Juu kabisa kuna Eizo ColorEdge za Japani, zile za CG zina kipimo cha rangi humo humo ndani kinajitokeza chenyewe kupima kioo, ukifika huko wewe huhitaji mwongozo wangu.

Wengi wetu lakini tunaenda Kariakoo kwenye mtumba, zile zilizotoka maofisi ya Ulaya au zimepitia Dubai, wenzetu wa Nairobi wanaziita ex-UK. Mtumba mimi naupenda kabisa kwa kazi hii, kwa sababu monita ya kazi ya miaka kadhaa nyuma inaipita kwa rangi monita mpya ya bei rahisi ya leo. Ukiwa kwenye Dell soma herufi ya mwanzo. U ndo UltraSharp, kama U2415 au U2715H, izo ndo zako. E mwanzoni ni za kufanyia risiti na barua. Kwa HP tafuta Z, kama Z24n. Muuzaji atakwambia "zote kioo IPS bro", we geuza monita soma stika ya nyuma, andika namba ya modeli kwenye simu yako utafute sifa zake mwenyewe hapo hapo kabla hujatoa hela.

Hatua ya 6: namna ya kuikagua dukani

Nenda na flashi yako. Usikubali kuonyeshwa ile video ya maua na kasuku, video ile imetengenezwa ili kila kioo kionekane kizuri. Kwenye flashi weka picha izi:

- Kurasa tupu za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu na kijivu cha katikati
- Mteremko wa kijivu kutoka nyeusi mpaka nyeupe
- Picha ya bwana harusi mwenye ngozi nyeusi, koti jeusi
- Picha ya kanzu nyeupe au shela kwenye jua

Fungua nyeupe uangalie kona zote nne, mtumba uliochoka unakuwa na unjano au uwaridi upande mmoja, na zile za zamani sana zinazotumia mirija ya taa badala ya LED zinafifia na kunjanika kabisa, hio haitibiki. Rangi moja moja zinakuonyesha pikseli zilizokufa, moja ya pembeni unaweza kuivumilia ikikupunguzia bei, ya katikati hapana, utaiona kila siku kwenye paji la uso la kila bibi harusi. Nyeusi iangalie ukiwa umeziba mwanga kwa mikono, uone kama taa inavuja pembeni. Kijivu ndo mtihani mgumu kuliko yote, kijivu kinatakiwa kibaki kijivu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kikigeuka kijani hapa na zambarau pale jua kila ngozi utakayoigusa itageuka hivyo hivyo.

Alafu ifungue ile picha ya bwana harusi. Kola ya koti inatakiwa itengane na koti, nywele zitengane na giza la nyuma, shavu liwe na joto lake la kahawia na nyekundu, lisiwe na ukijani. Vioo vingi vibovu vinabebwa na picha za mfano za watu weupe, ukiweka sisi vinaumbuka. Kwenye kanzu uione mikunjo na darizi, ikiwa nyeupe tupu kama karatasi basi kioo kinakata mwanga wa juu, ila kabla hujaikataa ingia kwenye menyu ushushe kontrasti, wakati mwingine mtu kaipandisha tu.

Simama, kaa, sogea kushoto na kulia. Ikae inawaka dakika 20 hivi kama muuzaji hana haraka, kuna zinazoanza kucheza zikipata moto. Na Eizo na NEC nyingi zinaonyesha kwenye menyu zimewaka masaa mangapi tangu ziundwe, ni kama kusoma kilomita za gari, kaangalie.

Waya usikubali VGA, ile inaleta picha kwa njia ya zamani na kingo zinakuwa na ukungu. Chukua DisplayPort au HDMI. Kama ni 4K ujue HDMI 1.4 inaishia 30Hz, mausi itakuwa inavutika kama imekwama kwenye asali.

Hatua ya 7: umeme

Usichomeke moja kwa moja ukutani. Umeme wetu ukikatika ukarudi kwa kishindo pawasaplai ya monita ndo inaanza kufa. UPS au stabilaiza, hata ndogo. Nimemaliza hapo.

Hatua ya 8: ukifika nyumbani, shusha mwanga

Hapa turudi kwa yule mzee wa mitambo, maana ugomvi mwingi wa madizaina na wachapaji hauhusu rangi kabisa, unahusu mwanga. Monita zinatoka dukani zimewekwa mwanga wa juu ili zishinde zenzake kwenye rafu, kawaida 250 mpaka 350 kwa kipimo cha kandela kwa mita ya mraba, wakati kazi ya kuchapa inataka kama 80 mpaka 120. Kwa hio unaona picha iko angavu, unaipeleka ikiwa giza, wanakuchapia giza lako.

Kama huna kifaa cha kupimia fanya hivi. Zima vitu vyote vya kurembesha, ile modi ya Vivid, Game, Movie, kontrasti inayojibadilisha, HDR, na ile taa ya usiku ya Windows inayofanya kioo kiwe cha njano, watu wanaisahau kweli kweli hii. Chagua modi ya sRGB kama ipo na inakuruhusu kushusha mwanga, isipokuruhusu chagua Custom na joto la rangi 6500K (namba ikishuka nyeupe inakuwa njano, ikipanda inakuwa bluu), gama 2.2 (namna mwanga unavyopanda kutoka nyeusi kwenda nyeupe). Fungua ukurasa mweupe mtupu, chukua karatasi nyeupe ya A4 uishike pembeni ya kioo kwenye mwanga ule ule unaofanyia kazi, alafu shusha mwanga wa monita taratibu mpaka nyeupe ya kioo na nyeupe ya karatasi zifanane. Siku mbili za kwanza utaona kioo kimekuwa giza, vumilia, macho yanazoea.

Kama unatumia HDMI na kadi ya Nvidia na nyeusi inaonekana imepauka kama imepakwa vumbi, usirudishe monita dukani, ingia kwenye kontroli paneli ya Nvidia utafute sehemu ya upana wa rangi uweke Full badala ya Limited. Kompyuta ilikuwa inadhani imechomekwa kwenye tivii.

Na chumba nacho. Dirisha lisiwe nyuma yako likapiga kwenye kioo wala mbele yako likakupiga macho, liwe pembeni. Pazia la rangi linapaka chumba kizima rangi yake, jua la saa nane likipita kwenye pazia la chungwa kila unachokiona kina chungwa na utaanza kuongeza bluu bila kujua. Ukuta ulio nyuma ya monita uwe mweupe au kijivu. Taa tafuta ya 5000K yenye CRI (kipimo cha taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli) ya 90 kwenda juu, wachapaji wa viwango wanakagulia kazi kwenye mwanga wa 5000K na we ukiwa nao mnaongea kitu kimoja. Kama mwanga unakusumbua kata kadibodi nyeusi utengeneze kofia ya monita, juu na pembeni, kazi ya nusu saa.

Hatua ya 9: kuipima kwa kifaa

Jicho linazoea uongo haraka sana, kwa hio kama unalipwa kwa rangi tafuta kifaa cha kupimia, vinavyojulikana ni Calibrite na Spyder ya Datacolor. Kinawekwa juu ya kioo, programu inapitisha rangi, kinasoma, kinakutengenezea profaili, yani faili linaloeleza kioo chako kinavyoonyesha rangi, ambayo Photoshop inaisoma. Kuna programu ya bure inaitwa DisplayCAL inafanya kazi na vingi vya hivi. Monita iwe imewaka nusu saa kwanza. Lenga 6500K, gama 2.2, mwanga 100 au 120.

Bei yake inauma, ndo maana sisi tulichanga watu 4 tukanunua kimoja, kinazunguka, kila mtu anapima kioo chake mara moja kwa mwezi au miezi miwili. Fanyeni hivyo na nyie, kifaa kinatumika dakika 15 tu alafu kinakaa kwenye droo.

Hatua ya 10: sampo ya kwanza

Muulize mchapaji wako anatumia profaili gani ya rangi, kama hana jibu anza na FOGRA39, profaili ya kawaida ya uchapaji, kwa ofseti ya karatasi yenye kung'aa. Kwenye Photoshop iweke kwenye Proof Setup alafu bonyeza Ctrl+Y, kioo kitakuonyesha kazi kama itakavyokaa kwenye wino. Ile bluu kali ya kioo utaiona inashuka na kuelekea zambarau mbele ya macho yako, na ni bora uione hapo. Kwa bluu ya wino hakikisha majenta (wino wa waridi) iko chini ya sayani kwa pointi 30 hivi.

Mwishowe lipia sampo moja ya A4 yenye uso wa mtu, kijivu, nyekundu, bluu na kahawia, uirudishe nyumbani, uisimamishe pembeni ya kioo kama yule mzee alivyosimamisha kipeperushi changu. Tofauti ndogo itakuwepo. Kama kahawia inatoka nyeusi kidogo kila mara kwa mchapaji huyo, iandike kwenye kipande cha karatasi, jina lake, karatasi aliyotumia, tarehe, ukibandike chini ya monita. Mimi saivi ninavyo vitatu pale, kimoja kwa kila mchapaji ninayepeleka kazi.